Bunduki Yenye Nyumba Mbili

Bunduki ya marehemu Elihu Stiltner ilikuwa na nyumba mbili, na katikati ya nyumba hizo kilipita kijito cha Caney. Upande wa huku, kwa mwanawe mkubwa Verlin, ilikaa nusu ya nyuma: kitako cha mti wa mjozi, kifyatulio, na lile sanduku la chuma lenye mitambo yote. Ng'ambo, kwa mdogo wake Denver, ilikaa nusu ya mbele, yaani mtutu pamoja na kile kipande cha mti kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo mzee alivyowarithisha wanawe. Wazee wengine hugawa mashamba, wengine hugawa ng'ombe. Yeye ardhi yake yote ilikuwa ubavu wa mlima uliosimama wima kama ukuta, na cha thamani alichokuwa nacho kilikuwa hicho kimoja.

Mafundi wa zamani walikuwa wameiunda kwa namna ya kuvunjika katikati, ili mtu aweze kuifunga kwenye mzigo wake. Unarudisha nyuma kidogo komeo, kile chuma kinachosogeza risasi, unasukuma kibanio kilichoko chini ya mtutu, unazungusha robo, na inakuachia vipande viwili mikononi. Ilikula zile risasi ndogo, fupi kama pingili ya kidole, ambazo kiwashio chake kimezungushwa ukingoni mwa kitako cha ganda na wala hakimo katikati. Ulizitia kupitia tundu la ubavuni mwa kitako, ukavuta komeo mara ya kwanza. Kuanzia hapo ilijitegemea, ikitema ganda tupu kwa chini na kujipakia risasi nyingine, kwa sauti nyepesi kama ya mtu anayevunja vijiti. Katika milima ile ya Kentucky hakukuwa na bunduki iliyofaa kindi kuliko hiyo.

Mzee Elihu alipokuwa kitandani, na vumbi la makaa ya mawe limekwisha kumjaa kifuani, aliwaita wanawe wote wawili, akaivunja mbele yao kwa mikono yake, akampa huyu nusu na yule nusu. "Hakuna mwanangu atakayekula kindi peke yake," akasema. Halafu akaomba maji.

Kwa miaka mingi sheria hiyo haikumwelemea mtu. Kila Agosti, Jumamosi ya kufunguliwa kwa uwindaji, ndugu wale wawili walishuka alfajiri, kila mmoja na nusu yake, wakakutana katikati ya daraja la mbao. Hapo waliiunganisha, wakaenda pamoja chini ya mihikori, ile miti mirefu yenye njugu za ganda gumu, ambako kindi walikuwa wakitafuna njugu, na maganda yakidondoka majanini kama mvua iliyosahau kunyesha sawasawa. Walipokezana kupiga. Asubuhi hiyo hiyo wake zao walikaanga kindi, wakapika mchuzi mweupe mzito, na vimkate vya moto vikapita mezani mkono kwa mkono.

Kisha ukaja mgomo wa wachimba makaa. Verlin alisimama langoni mwa mgodi na wenzake majira yote ya baridi, wakiota moto wa pipa. Asubuhi moja malori ya kampuni yakapita na watu waliokubali kurudi kazini, na ndani ya lori la pili, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, alikuwamo Denver. Macho yao yalikutana kwa muda wa gurudumu moja kuvuka reli.

Tangu siku hiyo Verlin hakumtamkia nduguye neno. Hakumtukana, wala hakumvunjia dirisha kama wengine walivyofanya. Alinyamaza tu, na kimya chake kikawa kigumu kuliko mawe ya wengine. Hata daraja walilitengeneza kila mmoja hadi katikati: mbao za upande wa Verlin zilikuwa mpya, na zile za upande wa Denver zilikuwa mpya pia, lakini misumari yake ilikuwa ya aina nyingine. Kanisani walikaa kila mmoja upande wake. Wahenga walinena kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini wahenga hao hawakuwahi kusimama langoni mwa mgodi wakati wa baridi.

Miaka ikapita. Mgodi ukafungwa, na walioshinda mgomo na walioshindwa wakapata kikohozi kile kile. Icie, mkewe Verlin, akalala juu kilimani penye makaburi ya ukoo. Ndipo nusu ile ya bunduki ilipogeuka kuwa mwenzake nyumbani. Kila Jumapili baada ya ibada aliitoa katika kitambaa cha flaneli, kilichokuwa zamani gauni la kulalia la Icie, akaiweka magotini, akachukua kopo la mafuta. Alipaka chuma, alipaka mti, alitia katika kila tundu na kila ungio. Mtu akimuuliza kwa nini hanunui bunduki nyingine, nzima, alijibu, "Bunduki ninayo." Na siku ya kufunguliwa kwa uwindaji alikaa barazani na kahawa yake, akasikiliza maganda ya njugu yakidondoka ng'ambo zote mbili za kijito, na kindi wakicheka.

Mwaka mmoja, Agosti, ilikuwa Ijumaa, alishuka dukani kununua sukari. Mwenye duka, Dreama, mwanamke mwenye sauti ya kuita watoto kutoka mlima wa pili, alimngoja afike kwenye kaunta.

"Mzee Verlin, umesikia, au nikuambie?"

"Kama ningesikia, ningekuja kununua sukari kwako? Ningekaa nyumbani na habari zangu."

"Haya. Wanda Kay amekuja kumchukua babake, Denver. Jumapili wakitoka kanisani wanaondoka, moja kwa moja hadi Ohio. Nyumba wanaifunga."

Verlin aligeuza mfuko wa sukari kana kwamba ulikuwa na maandishi ya kusoma. "Ohio kuna hewa gani ya kumpa?"

"Kuna hospitali, mzee. Hapa tuna nini? Tuna mimi na soseji za kopo." Dreama akashusha sauti, jambo ambalo hakulizoea. "Kesho mchana anakuja yule mnunuzi wa chuma chakavu kusafisha banda lake. Kila kilicho chuma kinabebwa. Nimeona nikwambie tu."

Alipanda njia ya nyumbani polepole. Mnunuzi wa chuma chakavu angejua nini? Angeona bomba fupi lenye kipande cha mti, angelitupa juu ya majembe na minyororo. Na baada ya hapo hii nusu aliyoilea yeye ingekuwa nini, ila mguu wa kiti? Hivyo ndivyo Verlin alivyojiambia, kwamba aliuhofia mtutu. Lakini alipofika barazani alisimama akatazama ng'ambo, ambako moshi wa jiko la Denver ulikuwa ukipanda kama ulivyopanda kila jioni, na akatambua kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kulala kabla ya kuuona.

Asubuhi ya Jumamosi alivaa shati safi, akaikumbatia nusu yake ndani ya flaneli, akashuka hadi darajani. Katikati alisimama. Kisha akakanyaga mbao zenye misumari ya aina nyingine.

Wanda Kay alikuwa barazani akifunga masanduku kwa kamba. Nywele zake zilikuwa zimeanza mvi. Verlin alimkumbuka akiwa binti mdogo wa kubebwa kwenye blanketi.

"Shikamoo, baba mkubwa," alisema, na mkono wake ukasimama juu ya kamba.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Jikoni. Anagombana na uji wake."

Denver alikuwa mezani, amekuwa mdogo ndani ya nguo zake, na mirija miwili ya mashine ya hewa imemwingia puani. Alimtazama kaka yake kutoka kofia hadi viatu, bila haraka.

"Umekuja kunipiga au kunizika?"

"Nimekuja kuwinda," Verlin akasema. "Leo ndiyo siku yake."

"Umechelewa."

"Jua ndiyo kwanza linavuka mlima."

"Sisemi jua, mzee kichwa ngumu wewe." Denver alisukuma bakuli la uji kando. "Lete hiyo nusu yako niione. Yangu iko nyuma ya mlango. Au ulidhani nimeiweka bandani na makopo ya rangi?"

Hivyo hasa ndivyo Verlin alivyodhani. Nyuma ya mlango mtutu ulisimama mdomo chini juu ya kitambaa kilichokunjwa, kama baba yao alivyowafundisha, ili mafuta yasishuke kwenye mti. Aliuchukua, akauelekeza dirishani, akaweka ukucha wa kidole gumba nyuma yake ili nuru iruke ndani. Akachungulia. Michirizi ilizunguka kwa ndani, ing'aayo, safi, kama maji yanayozunguka kabla ya kuingia shimoni. Hapakuwa na doa la kutu. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyuma yake Denver alikuwa amekwisha kufunua flaneli.

"Mungu wangu! Kaka, hii ni bunduki au kuku wa kukaanga?"

"Ina nini?"

"Ina nini! Inanitoroka mikononi. Njoo tuiunganishe kabla haijaruka dirishani."

Waliiunganisha pale mezani, mmoja ameshika nyuma na mwingine mbele, wakazungusha robo. Iliingia na kukaza. Lakini Verlin alipovuta komeo lilikuja kwa kujivuta, na alipoliachia lilirudi nusu ya njia likasimama, kama mlevi aliyefika mlangoni akasahau kuingia. Mafuta ya miaka yote yale yalikuwa yameganda ndani, yakawa gundi.

"Mafuta ya taa," wakasema wote wawili kwa pamoja.

"Mafuta ya taa na hiyo mashine ya hewa?" Wanda Kay alikuwa amesimama mlangoni. "Mnataka kuniunguzia nyumba nikiwa bado sijaifunga? Nje! Wote wawili! Na baba, mashine inabaki ndani. Ukiona giza useme, usijifanye shujaa."

Basi wakakaa barazani kama watoto waliofukuzwa, na bakuli la mafuta ya taa katikati yao, na mswaki wa zamani, na unyoya wa kuku. Verlin alifungua mitambo kipande kwa kipande. Denver alisugua, akipumua kwa vituo. Weusi ulitoka kwenye vyuma, mwepesi kwanza, kisha mzito kama lami: masizi ya baruti ya risasi walizopiga wangali vijana, yaliyofungiwa ndani ya mafuta ya upweke.

Halafu Denver alipitisha kidole kwenye shingo ya kitako, mahali mti unapokutana na chuma. Mti ulikuwa mweusi pale, na laini. Aliubonyeza kwa ukucha na ukucha ukaacha alama. Ufa mwembamba ulipanda kutoka hapo.

"Umelowa hadi moyoni," alisema. "Baba alisema tone moja, na kitambaa kikavu."

"Najua baba alivyosema."

"Sasa mbona umeiogesha?"

Verlin alisugua kipande alichokuwa nacho, ingawa kilikuwa kimekwisha kutakata. "Jumapili ni ndefu, Denver," alisema.

Denver hakumcheka. Huko juu nyuma ya nyumba, kwenye mhikori mkubwa, maganda yalikuwa yameanza kudondoka.

"Mimi nilikuwa na huyu," alisema, akielekeza kidevu ndani, ambako Wanda Kay alikuwa akigonganisha sufuria. "Ndiye aliyekuwa mgonjwa majira yale ya mgomo. Daktari hakutaka maneno, alitaka pesa."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Nilijua nikiwa nimesimama pale langoni," Verlin akasema. "Nilijua wakati lori linapita."

Denver alipumua, akapumua tena. Alichovya unyoya ndani ya bakuli.

"Basi nipe hilo komeo. Unalisugua kama unataka kuliamsha."

Jua lilipofika nusu ya mti bunduki ilikuwa tayari, komeo likienda na kurudi kwa sauti yake ya zamani. Denver hakuweza kutembea hadi kwenye mihikori, kwa hiyo waligeuza kiti chake, akaegemeza mtutu juu ya ukingo wa baraza. Verlin alitia risasi kupitia tundu la ubavuni, chache tu. Walingoja. Mkia wa kijivu ukajitokeza penye tanzu mbili, ukatikisika, kisha kikafuata kichwa.

Mlio ulikuwa ule ule, kijiti kikavu kinachovunjika. Kindi akaanguka. Na ganda la moto, likitoka kwa chini kama kawaida yake, likaingia moja kwa moja katika mkono wa shati la Denver.

"Ai! Ai! Imenichoma, hayawani hii!"

"Baba alikwambia nini kuhusu vifungo vya mkononi?"

"Baba, baba! Litoe, mzee wewe, usinihubirie!"

Walicheka hadi Denver akakosa pumzi, na Wanda Kay akatoka mbio na mirija. Alipoona ni kicheko alisimama tu, ameishika mkononi, hajui aifanyie nini, kisha akamvisha babake puani. Verlin alipiga kwa zamu yake, akakosa.

"Nusu yako ndiyo iliyokosa," Denver alisema kupitia mirija.

"Mtutu ndio unaoelekeza, bwana mdogo. Kitako kinasukuma tu."

Kwa kindi mmoja Wanda Kay alipika mchuzi mweupe wa kuwatosha watatu, kwa unga mwingi na pilipili manga, kama mama yake alivyopika. Mnunuzi wa chuma alipofika aliambiwa abebe majembe na aende zake. Kabla ya Verlin kuondoka, Denver aliivunja bunduki mwenyewe, polepole, akampa nusu yake.

Kesho yake, baada ya ibada, gari lilipita chini kidogo ya daraja, kwenye kivuko cha mawe, ambako Verlin alisimama akingoja. Denver alikaa mbele, na mtutu umesimama kati ya magoti yake, mdomo chini. Alishusha kioo.

"Agosti," alisema.

"Agosti," Verlin akajibu.

Hakurudi Agosti. Alirudi kabla theluji haijayeyuka, ndani ya gari refu jeusi, akapandishwa kilimani, akalazwa kando ya baba yake, mahali ambapo ukisimama unaziona nyumba zote mbili. Jioni zote za majira yale Verlin alikuwa ametoka barazani kwa mazoea, akatazama bomba la jiko lisilo na moshi.

Watu walipokwisha kushuka, Wanda Kay alibaki. Alikwenda garini akarudi na furushi refu, akampa kwa mikono miwili.

"Alisema nikuletee, baba mkubwa. Alisema sasa ni yako, uikamilishe."

Verlin alifungua furushi. Akauinua mtutu kuelekea mwanga mdogo wa alasiri, akaweka ukucha nyuma, akachungulia. Nuru ilizunguka ndani, safi.

"Nani aliyeusafisha?"

"Mimi. Alinifundisha akiwa kitandani. Unaingiza kamba kutoka nyuma, huingizi kutoka mdomoni. Alinigombeza kama mtoto."

"Na mafuta?"

"Tone moja. Na kitambaa kikavu."

Alisimama na mtutu mkononi. Kwa miaka mingi, Jumapili nyingi, alikuwa amewaza jinsi ambavyo angeuunganisha siku akiupata: komeo nyuma kidogo, robo moja, na imekwisha. Mikono yake ilijua kazi hiyo hata gizani. Sasa lilikuwa jambo la kushuka nyumbani tu. Angekuwa na bunduki nzima, ya baba yake, peke yake, katika nyumba yenye kiti kimoja kilichotumika.

Akaufunga tena mtutu katika kitambaa chake, akamrudishia.

"Hapana, binti yangu."

"Lakini baba alisema—"

"Babako alikuwa mgonjwa. Babu yako alisema kabla yake." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono, kulikuwa na baridi pale juu. "Hii ina nyumba mbili. Nyumba ya pili sasa ni wewe. Uusimamishe mdomo chini. Usiuweke bandani."

"Mimi sijui kuwinda, baba mkubwa. Ninafanya kazi kwenye duka la viatu."

"Kindi hawaulizi." Alitazama chini, kwenye daraja. "Jumamosi ya tatu ya Agosti. Mimi nitakuwa pale katikati, jua likitoka. Na uvae shati lenye vifungo vya mkononi."

Wanda Kay alitaka kucheka akashindwa. Hakuahidi. Alilikumbatia furushi, akashuka nalo hadi garini, na Verlin akasimama penye makaburi mpaka sauti ya injini ilipokwisha bondeni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliitoa nusu yake katika flaneli ya Icie, akaiweka magotini. Ufa wa shingoni ulikuwa umekauka, mwembamba kama unywele, na mti ulikuwa umeanza kurudia rangi yake. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kopo. Akaliinamisha, akangoja tone moja lianguke, akaliweka kopo chini. Kisha akachukua kitambaa kikavu, na kwa kuwa alasiri ilikuwa bado mbichi, akapangusa taratibu sana.